Mibuni iliyoiva kabla ya wakati

Februari 2003, mbuni mmoja kwenye kibanja cha babu uliiva peke yake. Mingine yote ilikuwa bado na matunda ya kijani, na sisi watoto kalenda tulikuwa tunaijua: kahawa yetu huanza kuchumwa Mei, masika yakielekea ukingoni. Lakini huo mmoja, uliokuwa nyuma ya jiko kwenye njia ya kwenda kisimani, ulikuwa mwekundu kuanzia matawi ya chini. Babu alifurahi. Baba mdogo alifurahi zaidi, maana ada ya sekondari ilikuwa haijakamilika na wanunuzi wa butura walishaanza kupitapita. (Kwa asiyetoka Kagera: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya mwenye shida. Serikali imeipiga marufuku miaka na miaka, na watu wameifanya miaka na miaka.)

Wiki mbili baadaye majani ya upande mmoja wa mti yakaanza kujikunja na kugeuka manjano. Upande wa pili ulikuwa mzima, kijani cha kung'aa, ungedhani ni miti miwili imeshonwa pamoja. Mvua zilipoanza, hali ikazidi. Hapo ndipo babu alipochanganyikiwa: mti unanyauka kama uko kiangazini, na huku matope yanatufika vifundoni. Akaumwagia majivu shinani. Akatafuta mrututu, ile dawa ya kuua ukungu, kwa jirani, akanyunyizia majani. Pasaka ilipofika zilibaki fito tu, na zile kahawa nyekundu zimekauka zikawa nyeusi, zimeng'ang'ania matawini hazitaki kudondoka.

Nakumbuka alivyochuchumaa. Alitoa kisu kilekile cha kumenyea ndizi, akakwangua gome karibu na ardhi, mimi nikiwa nimesimama mgongoni kwake. Mbuni mzima ukiukwangua, chini ya gome kuna weupe wenye utelezi. Huu ulikuwa na michirizi ya bluu iliyokaribia weusi, kama wino wa peni uliovujia kwenye shati la shule. Akakwangua juu kidogo, michirizi. Akapanda juu zaidi, michirizi. Akafuta kisu kwenye kaptula, akakwangua na mbuni wa jirani yake kuulinganisha. Huo ulikuwa mweupe. Akaridhika, tukaenda kula.

Mwaka uliofuata huo mweupe nao ukaiva Februari.

Jina la ugonjwa nililijua baadaye sana: mnyauko fuzari. Anayeuleta ni fangasi anayekaa kwenye udongo na kwenye mabaki ya miti iliyokufa, kitaalamu Fusarium xylarioides. Nilipomweleza baba mdogo kwamba kilichomaliza kahawa ni fangasi, alicheka akaangalia miguu yake, kwa sababu kwake yeye fangasi ni wa vidole vya miguu na dawa yake ni kupaka. Kwa namna fulani hilo ndilo lilikuwa kosa la babu na mrututu wake. Dawa ya kupaka humfaa fangasi aliyekaa juu. Huyu hakai juu. Anaingilia kwenye kidonda, mara nyingi shinani au mizizini, na akishaingia hujipenyeza kwenye mirija inayopandisha maji kutoka ardhini kwenda majanini. Humo ndimo anamozaliana. Mirija ikiziba, maji hayapandi, na mti unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Ndiyo maana upande mmoja hutangulia: ni mirija ya upande ule ndiyo iliyozibwa kwanza. Na ndiyo maana kahawa huwa nyekundu mapema. Haikuwa kuiva kule. Mti ulikuwa unakata roho.

Ule mbuni wa nyuma ya jiko ulikuwa mfano mzuri wa kidonda. Pale ndipo tulipokuwa tunafunga mbuzi, kamba ikisugua gome mwaka mzima. Na kila aliyepita kwenda kisimani na panga mkononi aliukata kidogo, bila sababu, kama watu wanavyokata wakiwa na panga.

Ugonjwa wenyewe haukuzaliwa kwetu. Ulionekana kwanza mwaka 1927 kwenye nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwenye kahawa iliyoitwa ekselsa, ambayo vijana wengi wa leo hata hawajaisikia. Hawajaisikia kwa sababu hiyo hiyo. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 mashamba ya ekselsa yaliteketea kuanzia huko hadi Kameruni na Ivory Coast. Mwaka 1948 mtaalamu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Kongo, Steyaert, ndiye aliyemweleza fangasi huyu kitaalamu na kumpa jina. Dawa iliyopatikana wakati ule ilikuwa kung'oa, kuchoma, na kupanda kahawa ya aina nyingine iliyoonekana kuhimili. Sehemu kubwa ya kahawa hiyo ilikuwa robusta.

Robusta! Ndiyo yetu sisi. Jina lenyewe linatokana na uimara.

Kwa miaka ishirini hivi mambo yakatulia. Kisha katika miaka ya 1970 mibuni ya robusta ikaanza kunyauka kaskazini mashariki mwa Zaire (ndiyo Kongo ya leo, ya Kinshasa), upande wa Isiro. Mwaka 1993 ugonjwa ukathibitishwa Uganda, na kufikia 2002 Waganda walikuwa wamepoteza karibu asilimia 45 ya mibuni yao ya robusta. Soma tena hiyo: karibu nusu ya miti ya nchi inayoishi kwa kahawa, ndani ya miaka isiyofika kumi. Kwetu Kagera ulithibitishwa mwaka 1997. Kilimanjaro na Mbeya walibaki salama, na si kwa ujanja wao. Huko wanalima arabika, na fangasi anayeua robusta hana habari na arabika. Yuko mwenzake mwingine, Ethiopia, aliyetambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambaye yeye hushika arabika akaiacha robusta. Wanafanana kama mapacha ukiwaangalia kwa darubini, ila kila mmoja ana chakula chake.

Sasa niseme la aibu. Mbuni mkavu ni kuni nzuri sana. Hushika moto haraka, moshi wake ni kidogo, na kaa lake linadumu hadi maharage yaive. Miti ya babu ilipoanza kufa mmoja mmoja, bibi hakulalamika kama sisi wengine. Tulikata, tukafunga mizigo, tukaweka jikoni, na iliyobaki tukawagawia majirani na mashemeji waliokuja kwenye msiba wa mwaka ule. Mtu hawezi kutoka msibani kwa bibi mikono mitupu. Kuni zile zilivuka vibanja sita, nikihesabu zile tu nilizobeba mwenyewe kichwani. Kwenye magome ya mti uliokufa kwa mnyauko fuzari hutokea vijipele vidogo vya zambarau iliyoiva hadi kuonekana nyeusi, na humo ndimo fangasi anamojaza vizazi vyake. Tulikuwa tunasambaza ugonjwa kwa ukarimu. Bwana shamba alipofika hatimaye, mwaka mwingine kabisa, akasema kila mti unaougua ung'olewe na mizizi yake na uchomwe palepale uliposimama, usitoke hata tawi. Bibi alimsikiliza kwa heshima zote. Alipoondoka akauliza nani huyo anayechoma kuni shambani halafu anakwenda kununua mkaa.

Chuoni nilisoma kilimo, na mwaka wa tatu nikaamua mradi wangu mdogo utakuwa huyu fangasi. Nilikwenda nyumbani likizo, nikakata vipande vya shina la mbuni unaokufa, nikavitia kwenye mfuko wa rambo, nikaufunga vizuri na kupanda basi. Bukoba hadi Morogoro kwa basi ni safari ya kulala njiani. Mwalimu wangu alipoufungua ule mfuko alirudi nyuma hatua moja. Vipande vilikuwa vimetoka jasho, vimeoza, vina manyoya ya rangi tatu. Alinieleza mambo mawili bila kupandisha sauti. La kwanza, sampuli ya mmea hufungwa kwenye karatasi, maana plastiki hupika. La pili, nilikuwa nimesafirisha ugonjwa hatari nusu ya nchi, na kama ningepitia kwenye mashamba ya robusta nikausahau ule mfuko, ningekuwa nimefanya kazi ya bibi kwa kilomita elfu moja na zaidi.

Mara ya pili nilifanya kama nilivyofundishwa. Unachonga kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka pale penye mpaka, mahali ambapo weupe unakutana na michirizi. Usichukue penye ugonjwa uliokomaa, kwa sababu pale wameshaingia fangasi wengine wanaokula maiti tu na hawana hatia. Unakizamisha kwenye Jiki iliyochanganywa na maji, dakika moja au zaidi kidogo, ili kuua walioko juu ya kipande. Unasuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa presha. Unakausha kwenye karatasi safi, halafu kwa kibano unakiweka kwenye kisahani chenye chakula cha fangasi, ambacho kimsingi ni supu ya viazi mviringo iliyogandishwa na kutiwa sukari. Chakula kizuri kuliko tulichokuwa tunapewa bwenini.

Siku ya nne visahani vyangu kumi na viwili vilikuwa na ukungu wa kijani, ule wa mkate. Vyote. Mwalimu akavishika kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza: "Kibano ulikuwa unakichoma kila ukitoka kipande kimoja kwenda kingine?"

Nilikuwa nakifuta tu na tishu. Nikamwona babu anafuta kisu kwenye kaptula.

Mara ya tatu nilichoma kibano hadi kikawa chekundu, kila kipande, hata vidole vikapata malengelenge. Siku ya tano ikatokea pamba nyeupe laini. Baadaye, ukigeuza kisahani, chini yake palikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Nikaweka tone kwenye darubini. Mbegu zake ni vijipinde vidogo, umbo la mwezi mwandamo, vingine vimepinda zaidi kama ndoano. Nilitazama muda mrefu. Hawa ndio waliokula ada ya baba mdogo.

Watu huuliza kwa nini hapakutafutwa dawa. Ipo ya kuua fangasi kwenye kisahani, tele. Kuifikisha ndani ya mirija ya mti mzima, tena kwa mkulima mwenye mibuni mia mbili na jembe, ni habari nyingine. Kilichofanyika Uganda, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza, na kwetu kwenye kituo cha Maruku kilicho chini ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, ni kazi ya miguu. Watafiti waliingia kwenye mashamba yaliyoteketea wakitafuta mibuni iliyobaki hai katikati ya mizoga. Wakachukua vikonyo, yaani vipande vya shina vya kuotesha, wakavikuzia kitaluni, wakavipandikiza ugonjwa kwa makusudi kuona nani atasimama. Uganda wakatoa aina saba walizoziita KR, baadaye zikafika kumi. Tanzania, mwaka 2011, tukapata nne: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

Babu alikuwa ameshafanya nusu ya kazi hiyo bila kuambiwa na mtu. Kibanjani kwake ulibaki mbuni mmoja mkubwa ambao haukuguswa, na yeye akaokota mbegu zake, akapanda kitalu. Miche ilipokua, mingi ikafa vilevile. Alidhani amelogwa. Kumbe robusta haiwezi kujizalisha yenyewe. Ua lake linahitaji chavua ya mti mwingine, kwa hiyo kila mbegu aliyookota ilikuwa na mzazi wa pili asiyejulikana, na huenda mzazi huyo alikuwa ni mmoja wa marehemu. Ili upate mtoto anayefanana na mama kabisa, lazima uchukue kikonyo, si mbegu. Hakuna aliyekuja kumwambia. Sidhani kama alikuwepo wa kumwambia, kwa miaka ile.

Desemba 2024 ilitoka kwenye jarida la PLOS Biology kazi iliyonifanya niandike haya. Mtafiti anaitwa Lily Peck, aliyekuwa Imperial College London, akishirikiana na wenzake akiwemo Timothy Barraclough wa Oxford. Walikwenda kwenye hazina ya fangasi ya CABI, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo, Uingereza, ambako fangasi waliokusanywa kwenye mashamba ya Afrika kwa miongo sita wamehifadhiwa kwenye baridi kali. Wakachagua kumi na tatu, wakiwemo wa wakati wa ekselsa, wakawaamsha, wakasoma jeni zao zote. Nilipofika hapo nilisimama nikanywa maji. Fangasi aliyeua kahawa kabla babu hajaoa yuko hai kwenye friji, na ukimpa supu ya viazi anaota.

Walichokiona ni kwamba fangasi wetu hakutengeneza silaha zake zote mwenyewe. Nyingine ameazima. Kuna vipande vikubwa vya jeni ndani yake ambavyo vinafanana mno na vya ndugu yake wa mbali, Fusarium oxysporum, kiasi kwamba maelezo yanayobaki ni kuwa vilihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kama mtu anavyompa jirani yake panga juu ya ua. Vipande hivyo husafiri ndani ya kitu ambacho wataalamu wamekipa jina la Starship, yaani chombo cha kusafiria angani. Ni mfuatano mrefu wa jeni unaoweza kujichomoa na kujichomeka kwingine, na mbele yake kuna jeni moja inayofanya kazi ya kukisogeza, nayo wameiita nahodha. Abiria ni wengine wote, na miongoni mwao wamo wanaosaidia kuushambulia mmea. Kila kundi la fangasi wa mnyauko, la arabika na la robusta, lina mizigo yake.

Na huyo oxysporum ni nani? Ni yule anayenyausha nyanya. Ni yule anayenyausha migomba. Ndiye aliyeifuta ndizi ya Gros Michel kwenye biashara ya dunia katikati ya karne iliyopita, na mbari yake mpya ikaonekana Msumbiji mwaka 2013. Kagera tunamjua kwenye ndizi za kisubi na ndizi sukari. Ndizi zetu za kupika humshinda, ashukuriwe Mungu.

Sasa mtu aliyewahi kuingia kwenye kibanja cha Mhaya ameshaona ninakokwenda. Kibanja ni migomba na mibuni kwenye udongo mmoja, mizizi imefumana, majani ya mgomba yamelala chini ya kahawa yakioza kuwa mbolea. Mgomba unautilia mbuni kivuli. Hivyo ndivyo vilivyo tangu wazee wa wazee. Na watafiti wenyewe wamesema: kulima kahawa pamoja na mimea inayomlea oxysporum, kama migomba na nyanya, huenda ndiko kunakowakutanisha hawa wawili.

Habari ilipofika kwenye grupu letu la WhatsApp la ukoo, ilikuwa imeshakuwa "Wazungu wanasema tung'oe migomba". Binamu yangu wa Dar, ambaye hajashika jembe tangu darasa la saba, aliunga mkono. Shangazi akatuma sauti ya dakika nne, na sehemu yake ninayoweza kuiandika ni kwamba wang'oe kwanza majani ya chai ya kwao. Nikajaribu kueleza. Hakuna aliyesema kung'oa. Kuhama kwa jeni si jambo la kila Jumanne. Linaweza kutokea mara moja katika miaka mingi, na likishatokea limetokea. Ukiing'oa migomba leo, fangasi aliyeshapata panga halirudishi. Isitoshe, ekselsa haikuuawa kwenye kibanja cha Kagera. Kilichoonyeshwa ni kwamba azima lilikuwepo. Kwamba lilitokea chini ya mgomba fulani, hilo bado ni dhana, ingawa ni dhana ya watu makini. Binafsi ninaiamini zaidi ya nusu. Lakini familia haili dhana, inakula matoke.

Ninachodhani kina uzito ni kidogo na hakina umaarufu: mabaki. Shina la mgomba wa kisubi ulionyauka, likiachwa lioze juu ya mizizi ya mbuni, ni chumba cha wageni. Hilo linaweza kuondolewa bila kugusa mgomba wa chakula. Niliandika hivyo kwenye grupu. Binamu akajibu kwa kidole gumba.

Mwezi wa tisa nilikwenda nyumbani. Baba mdogo, ambaye sasa ana mvi kuliko babu alizokuwa nazo, alikuwa amechimba mashimo ya miche arobaini ya vikonyo, Maruku 1 na mingineyo. Pale nyuma ya jiko hakuchimba. Hakuna aliyewahi kupanda kitu pale tangu 2003. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye moto mdogo wa matakataka, na kila alipohamia upande mwingine wa kibanja alilipitisha mara mbili kwenye moto, kama mtu anayechoma manyoya ya kuku.

Nikaona ameruka nafasi mbili kwenye mstari, karibu na shina la kisubi. Nikafurahi, nikamwuliza kama amesoma yale niliyotuma.

"Yapi?" akasema. "Kisubi kinakunywa maji sana hiki. Mche mdogo utapata nini hapo? Hebu niletee hicho kidumu."